Silaha na Uhusika: Kanuni Izuie au Itoze?

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka wa 1974, ni sanaa ya masimulizi. Kila mchezaji huigiza mhusika wake, msimamizi husimulia ulimwengu wao, nazo dadu huamua ufanisi wa matendo. Kanuni za awali zilimkataza kasisi silaha zenye makali, naye mchawi akaachiwa jambia tu.

Vikundi vinavyojitungia kanuni zao hukabiliwa na swali: kanuni izuie au itoze? Wapo wanaoshikilia kwamba marufuku hulinda uwiano, kwani mchawi mwenye upanga humpokonya mpiganaji nafasi yake. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Marufuku huufunga mlango wa hadithi. Gharama huuacha wazi, ikimtaka apitaye alipe. Katika kanuni za mwaka wa 2024, mhusika ambaye nguvu zake hazifiki 13 anaweza kupigana kwa upanga mzito, lakini hurusha dadu mbili na kuhesabiwa yenye alama ndogo. Mnyonge anayeuinua upanga huo kumwokoa mwenzake, akijua huenda akakosa, ana uhusika uliokomaa kuliko aliyekatazwa kuugusa.

Hata hivyo, gharama isiyotangazwa mapema ni dhuluma. Msimamizi anayezua sharti vita vikiwa vimepamba moto humnyang'anya mchezaji uamuzi wake. Yafaa wote wakubaliane kabla ya hadithi kuanza, kwa kuwa hadithi hiyo ni yao wote.