Mlango Mmoja Hautoshi

Juma lililopita tuliingia katika ofisi ya tawi letu moja. Ni kontena la futi 20, limetobolewa madirisha mawili, nayo yakatiwa nondo kwa kuogopa wezi. Mlango ni ule ule wa chuma lililokuja nao, makomeo yake yako nje. Ndani mna makarani wanne, marundo ya kadi, na jiko la chai karibu kabisa na mlango. Tuliuliza: moto ukianzia hapo penye jiko, mtatokea wapi? Ndugu Katibu alicheka. Sisi hatukucheka.

Twaambiwa kwamba ofisi hizi ni za muda tu. Muda huo twaujua. Kuna wa muda walioingia vijana na sasa wana mvi. Na kontena lina hatari yake: upana wake hauzidi mita 2.5, basi moto ukishika mlangoni hakuna pembeni pa kupita. Dari ni fupi, moshi hushuka upesi. Tena watu hubandika sponji kuzuia joto la jua, na sponji ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Hatujasahau wasichana 42 walioteketea Shauritanga, Rombo, mwaka 1994. Wala wavulana 67 wa Kyanguli, Kenya, mwaka 2001. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulitiwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Kwa hiyo hata mlango wa pili ni bure ukifungwa.

Twataka kila ofisi ya namna hii, iwe ya Chama, ya Serikali au ya kontrakta, ikatwe mlango wa pili upande ulio mbali na wa kwanza. Usukumwe kwenda nje, bila kutafuta ufunguo. Makomeo ya nje yang'olewe. Nondo za dirisha ziwe na bawaba, zifunguliwe kutoka ndani. Yaliyopandishwa juu ya mengine yawe na ngazi mbili. Hii ni kazi ya fundi wa kuchomelea, haingoji mhandisi kutoka Ulaya.

Wezi? Kadi zaweza kuchapwa upya.

Hatuwezi kuwadai makontrakta jambo ambalo sisi wenyewe hatujalitenda. Tawi lile tumelipa mpaka mwisho wa mwezi. Likishindwa, makarani watoe meza zao nje, wafanye kazi chini ya mwembe.