Usiamini lebo ya chupa: kingamwili nayo ina toleo

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata niingie maabara kidogo. Mimi ni mwandishi wa programu, si mwanabiolojia, ila jambo hili linafanana mno na ugonjwa wetu sisi wa kompyuta: kuchukua maktaba ya programu ya mtu mwingine, kuibandika kwenye kazi yako na kuiamini kwa sababu ya jina lake.

Tuanzie hapa jirani. Mwaka 2003, kule Kericho, KEMRI na mradi wa Walter Reed waliandikisha takriban watu 2,800, wafanyakazi wa mashamba ya chai na jamaa zao, katika utafiti wa kutayarisha njia ya majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Kuanzia 2009 Kericho ikawa kituo kimojawapo cha utafiti mwingine, RV217, pamoja na Mbeya, Uganda na Thailand. Watu wasio na virusi lakini walio katika hatari kubwa walitobolewa kidole mara mbili kwa wiki, ili atakayeambukizwa ajulikane ndani ya siku chache tu. Matokeo makuu yalichapishwa 2016.

Sasa fikiria damu ya siku zile za kwanza. Ukishaitumia imekwisha. Huwezi kumrudia mtu na kumwambia, mama, tunaomba tena ile damu ya siku ya tano.

Swali moja ambalo watafiti huuliza sampuli za aina hii ni kama seli za kinga zenye kazi ya kuua, ziitwazo CD8, zina silaha. Silaha mojawapo ni granzaimu B, kimeng'enya kinachokata protini. Seli hukihifadhi katika vifuko vidogo, kisha hukimwaga kwenye seli iliyoambukizwa. Protini nyingine, perforini, hukifungulia njia, nacho huwasha mitambo ya kujiua iliyomo humo humo ndani ya seli.

Kukiona, unaua na kukaza seli kwa dawa, unatoboa utando wake kwa kitu kama sabuni, kisha unaingiza kingamwili iliyotengenezwa kushika granzaimu B na kufungwa rangi inayong'aa. Seli zinapita moja moja mbele ya leza na mashine inahesabu zinazong'aa. Safi kabisa. Lakini mashine inahesabu rangi, haihesabu granzaimu! Kingamwili ikishika protini nyingine, grafu itakuwa nzuri vile vile. Seli zilizokufa wakati wa kuyeyusha barafu nazo hunasa kingamwili ovyo, na usipoziondoa kwenye hesabu zitakudanganya.

Si hofu ya bure. Mwaka 2023 kundi la YCharOS lilitoa matokeo ya kupima kingamwili 614 za madukani dhidi ya protini 65. Kwa wastani kila protini ilikuwa na karibu makala 12 za kisayansi zilizotumia kingamwili isiyoitambua protini iliyotajwa. Katika fani yetu tungeita hiyo hitilafu ya dharura na kulala ofisini.

Hata kingamwili nzuri hujibu swali moja tu: kipo au hakipo. Haijui kama kimeng'enya kinafanya kazi. Granzaimu B huzaliwa ikiwa imefungwa, mpaka kimeng'enya kingine, kathepsini C, kiikate kipande kidogo. Halafu kuna protini iitwayo serpini B9 ambayo huizima. Kwa hiyo anayeandika kwamba seli "zinaua" kwa sababu zimeng'aa ni sawa na yule anayesema programu inafanya kazi kwa sababu faili ipo kwenye diski. Akitaka kujua kazi, apime ukataji wenyewe, kwa kuipa kimeng'enya kipande cha protini kinachotoa mwanga kikikatwa.

Najua jibu la watu wa maabara: kupima kingamwili kunakula pesa na seli, na vifaa vyenyewe vinaagizwa ng'ambo. Kweli. Lakini nani alisema mpime kwa damu ya Kericho? Damu ya mtu mzima mwenye afya inatosha kuanzia. Seli zake asilia za kuua, ziitwazo NK, huwa na granzaimu B hata zikiwa zimetulia, wakati CD8 ambazo hazijawahi kukutana na adui huwa hazina kabisa au zina kidogo sana. Zote zimo kwenye bomba moja! Kingamwili ikiwasha za pili kama za kwanza, irudishe kwa muuzaji. Mwenye uwezo zaidi akate jeni lenyewe kwenye seli za kufuga aone kama rangi inapotea.

Na sisi tunaojenga mifumo ya sampuli tuna lawama yetu. Tunaweka safu ya friza, rafu na kisanduku, halafu kingamwili tunaiachia nafasi ya maelezo ambamo mtu anaandika "granzaimu" na kuondoka. Wekeni safu za lazima: kloni, namba ya loti, namba ya RRID, tarehe ya jaribio la mwisho na aliyelifanya. Sampuli isitolewe kwenye friza kabla safu hizo hazijajazwa. Ni kazi ya nusu siku, na nikiombwa nitaandika msimbo wake bure.