Ndoo Haina Mita

Uko uonevu usiohitaji rungu wala pingu. Unaandikwa kwa tarakimu, unabandikwa ukutani, unaitwa bei. Bei ya maji inavyopangwa kwetu ni uonevu wa aina hiyo.

Awali ya yote, sisemi maji yatolewe bure. Njia hiyo tulikwisha kuijaribu. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi karibu na kwake, bila malipo. Mwaka 1991 ukafika, wengi wakiwa bado wanachota mtoni, na pampu nyingi zimenyamaza kwa kukosa dizeli na vipuri. Mwaka huo huo ikaja sera mpya, tukaambiwa tuchangie. Sawa, pampu haiendeshwi kwa hotuba. Swali ni nani achangie kiasi gani.

Hebu tupige hesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuchukue mfano wa mama anayenunua ndoo kwa shilingi 50: huyo analipa shilingi 2,500 kwa uniti. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu kijijini apate walau lita 25 kwa siku. Familia ya watu sita, basi, inahitaji ndoo 225 kwa mwezi, shilingi 11,250. Jirani aliyevuta bomba hadi jikoni, tuseme kwa shilingi 1,500 kwa uniti, atalipa 6,750 kwa maji yale yale, na kichwani hajabeba kitu. Kwa maneno mengine, mtu anatozwa zaidi kwa sababu amekosa fedha za kuvuta bomba!

Wataalamu watanijibu kwamba ndiyo maana kuna bei za madaraja: atumiaye kidogo alipe kidogo, atumiaye sana alipe zaidi. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Lakini nenda kwenye nyumba ya kupanga, familia tano, bomba moja uani. Mita haihesabu vichwa. Inasoma uniti 20 na kudhani ni za tajiri mmoja anayemwagilia bustani. Unafuu uliotungwa kwa jina la mnyonge unaishia kwa mtu na mkewe wanaoishi peke yao kwenye nyumba yao.

Kwa miji, sheria inaitaka EWURA isikilize wananchi kabla ya kupitisha bei. Ni jambo jema. Ila aliye na bili mkononi ndiye mwenye kitu cha kubishia. Mnunuzi wa ndoo hana akaunti, hana namba, hana risiti. Nani atamhesabu kuwa mteja?

Sasa teremka Lyamba lya Mfipa hadi Kaoze, huku bondeni. Mkulima wa mpunga hana mshahara wa mwisho wa mwezi, fedha anaiona baada ya mavuno. Kumdai kila mwezi kama mtumishi wa Sumbawanga mjini, kisha kumkatia maji mwezi Februari wakati ghala limebaki vumbi, ni kumwadhibu kwa kuwa mkulima. Tena kijiji kinachopata maji ya mserereko kutoka milimani hakinunui dizeli, kijiji kinachotegemea pampu kinanunua. Nani alichagua kuzaliwa mbali na chemchemi? Umeme wa TANESCO bei yake ni moja, Sumbawanga na Dar es Salaam. Kwenye maji, kila kijiji kinaachiwa kubeba mzigo wa ardhi yake.

Nadai mambo manne. Bei ya ndoo isizidi bei ya bomba la nyumbani kwa kipimo kile kile. Bomba la uani lihesabiwe kwa idadi ya familia zinazochota. Mkulima aruhusiwe kulipa baada ya mavuno. Na RUWASA, ambayo tangu Sheria ya mwaka 2019 inasimamia maji vijijini, itafute namna ya vijiji vya mserereko kuvisaidia vijiji vya pampu.

Hapa hapana ombi la huruma. Mwenye ndoo analipa, tena analipa taslimu, kabla hajaondoka na maji. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.