Mhakiki wa Mwongozo Naye ni Fundi

Imekuwa desturi miongoni mwetu kuamini kwamba uundaji wa programu za tarakilishi ni kazi ya wahandisi na wanahisabati, na kwamba mwanalugha, akialikwa, huja kusahihisha tahajia tu. Makala haya yanapinga imani hiyo.

Hebu tuitazame GDB, programu huria ya kusaka hitilafu ambayo Richard Stallman aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1986. Programu hii humwezesha mtaalamu kusimamisha programu nyingine ikiwa kazini, kuipitia hatua kwa hatua na kuchunguza yaliyomo ndani yake hadi chanzo cha kosa kijulikane. Amri zake ni nyingi mno, na mwongozo ndio unaozifafanua. Kwa sababu hiyo, anayeleta amri mpya hutakiwa kuleta pia maelezo yake, na maelezo hayo hupitiwa na mhakiki wa maandishi kabla ya kupokelewa. Msimbo waweza kuwa sahihi kabisa, lakini aya yenye utata ikamrudisha mwenyewe mezani.

Mhakiki huyo hatafuti nukta na vituo pekee. Mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza, na kanuni za mradi wa GNU, ambao GDB ni sehemu yake, zinasisitiza kutenganisha maana. Tukizifasiri, neno 'njia' limetengewa orodha ya saraka ambamo programu hutafuta faili. Faili yenyewe hutajwa kwa 'jina la faili'. Vilevile, maandishi yasiyokubaliwa na programu huitwa 'batili', wala si 'haramu', kwa kuwa kilicho haramu ni kile kilichokatazwa na sheria. Je, hii si semantiki tunayoisoma madarasani?

Wapo watakaodai kwamba uhakiki wa aina hii huchelewesha kazi. Ni kweli. Hata hivyo, anayesaka hitilafu tayari yumo gizani. Akipewa sentensi yenye maana mbili, atalitafuta kosa mahali lisipokuwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi tunao ufa wetu. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Kiswahili kikaonekana katika programu huria ya ofisi. Lakini hadi leo chombo kilekile huitwa tarakilishi, kompyuta au ngamizi, kutegemea aliyeshika kalamu. Tumekuwa hodari wa kubuni istilahi. Hatujawa hodari wa kuzihakiki zikiwa ndani ya sentensi, mbele ya mtumiaji anayezihitaji.

Ndipo napendekeza kwamba idara zetu za Kiswahili ziufanye uhakiki wa miongozo ya programu kuwa zoezi linalotahiniwa, na wanafunzi wajitolee katika miradi huria inayotafsiriwa kwa lugha yetu. Milango ya miradi hiyo i wazi. Tusipoingia, wengine watatuamulia maana za maneno yetu.