Kibali cha Kuingia Si Kibali cha Kazi: Wana Wetu Ng'ambo ya Ziwa na Wageni Walioko Kwetu

Mwezi Desemba 2016 Watanzania wanane waliotoka Songea walikamatwa nchini Malawi, kwenye eneo la mgodi wa urani wa Kayelekera, wilayani Karonga. Vyombo vya habari vya wakati ule viliwataja kuwa kundi lililohusiana na Caritas, shirika la Kanisa la huduma na misaada. Ilielezwa kwamba walikwenda kujifunza namna uchimbaji wa urani unavyowagusa wanavijiji, kwa maana hata kwetu, Namtumbo kwenye Mto Mkuju, madini hayo yamegunduliwa. Walishtakiwa kwa kuingia mahali pasipo ruhusa na kutafiti madini bila leseni, na maneno ya ujasusi yakazagaa. Noeli na Mwaka Mpya vikawakuta kizuizini. Ni mwezi Aprili 2017 tu ndipo shauri lilipokwisha, wakarejea nyumbani.

Tunalikumbuka jambo hili bila nia ya kumhukumu mtu. Tunalikumbuka kwa sababu waliokamatwa hawakuwa wahuni wala wezi, na bado ilichukua karibu miezi minne kwao kurudi. Nia njema haigongwi mhuri mpakani.

Kwa sisi wa Mbinga na Nyasa, ng'ambo si mbali. Watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay wana jamaa Likoma, Nkhata Bay na upande wa Msumbiji. Lugha zinaelewana, usipa ni ule ule, na mtu huvuka kwenda msibani kama vile mwenyeji wa Mbinga mjini anavyokwenda Kigonsera. Serikali zetu mbili hazijakubaliana hata mpaka unapita wapi majini, Malawi ikishikilia mkataba wa mwaka 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani, nasi tukisema mstari uko katikati ya ziwa. Mvuvi hawezi kungoja suluhu hiyo. Lakini anapokanyaga mchanga wa upande wa pili na kuanza kuuza, kujenga, kuchimba au kuchunga kwa ujira, amekwisha kuingia katika sheria ambayo undugu hauifuti.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mara nyingi husikika redioni kwamba Mwana Afrika Mashariki ana uhuru wa kufanya kazi katika nchi jirani. Maneno hayo yana msingi katika Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Ila Malawi na Msumbiji, ambazo ndizo jirani za mkoa wa Ruvuma, hazimo katika Jumuiya hiyo. Zimo pamoja nasi katika SADC, ambako kwa kawaida raia huweza kuingia kwa ziara fupi bila viza, lakini ziara ni ziara. Mhuri wa siku kadhaa katika pasipoti humruhusu kijana kumtembelea shangazi yake; haumruhusu kufungua duka la shangazi. Siku zikipita, au akikutwa kazini, amevunja sheria hata kama hajamdhulumu mtu yeyote.

Mwaka 2017 tuliona jinsi jambo hili linavyoweza kuwafika watu wengi kwa pamoja. Mwezi Februari serikali ya Msumbiji iliwafukuza Watanzania waliokuwa Montepuez, katika jimbo la Cabo Delgado, walikokwenda kwa ajili ya rubi na biashara zinazofuata machimbo. Wengi hawakuwa na vibali. Lakini habari za wakati ule zilisema kwamba hata baadhi ya waliokuwa na hati halali waliondolewa, na watu wakarudi mikono mitupu, mali zao zikiwa zimebaki nyuma. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ambao Tanzania, Malawi na Msumbiji zote zimeuridhia, unasema katika ibara ya 12 kwamba mgeni aliyeingia kihalali aondolewe tu kwa uamuzi uliofuata sheria, na unakataza kufukuza watu kwa makundi kwa sababu ya taifa au kabila lao. Taifa lina haki ya kumrudisha aliyevunja sheria yake. Halina haki ya kumfagia mtu pamoja na kundi bila kumsikiliza.

Wanaokwenda mbali zaidi, hasa mabinti wanaotafuta kazi za nyumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba, hukutana na mtego wa namna nyingine. Huko kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake. Akimkimbia mwajiri anayemtesa, aliyeteswa ndiye huhesabiwa mtoro na kukabiliwa na kurudishwa kwao. Mara nyingi pasipoti nayo huwa imeshikwa na mwajiri huyo huyo.

Tumesema ya wana wetu. Haki inatutaka tuseme na ya wageni walioko kwetu, na hapa ndipo panapouma.

Mnamo Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo duka la jumla na rejareja, huduma za fedha kwa simu, saluni, ufundi wa simu, na kununua mazao shambani. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kupoteza viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye ana fungu lake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Majirani zetu Wakenya walilalamika mara moja, wakikumbusha ile Itifaki ya 2010.

Kwa mkulima wa kahawa Umatengoni amri hii si habari ya Kariakoo peke yake. Sote tunajua magoma, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya shida ya ada au ugonjwa. Kumzuia mnunuzi mgeni asiingie shambani kunaweza kumlinda mkulima. Lakini magoma hayana uraia. Mengi hufanywa na sisi kwa sisi, tena na watu tunaopeana nao amani kanisani. Na yupo Mkristo anayekodisha jina lake ili leseni iandikwe kwake huku mtaji na faida ni vya mwingine. Siku ya msako mgeni hupandishwa gari, na mwenye jina husema hamfahamu. Huo ni uongo, na mwenye kuuponea asijidanganye kwamba ni uzalendo.

Tena, sisi ni Kanisa lililoletwa na wageni, na wageni hao walipata kufukuzwa. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899 walikuwa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia walikamatwa na kuondolewa nchini na Waingereza, si kwa kosa la mtu mmoja mmoja bali kwa taifa lao. Kazi ilikuja kushikwa na ndugu zao Waswisi, ambao pasi zao ziliruhusiwa. Mmoja wao, Gallus Steiger, alikabidhiwa uongozi mwaka 1922. Baadaye, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, mkoa huu uliwapokea wakimbizi, na Muhukuru ikawa makazi yao.

Katekisimu, katika namba 2241, inaweka mizigo miwili pamoja: nchi zenye uwezo ziwapokee wageni wanaotafuta riziki na usalama, na mgeni aheshimu sheria na mali ya nchi iliyompokea. Tunapokuwa wenyeji tunapenda kusoma nusu ya pili. Tukiwa wageni twaikumbuka ya kwanza.

Kwa familia zenye kijana anayejiandaa kuondoka, tunaomba haya. Aulize Uhamiaji na ubalozi wa nchi aendako kibali gani kinahitajika kwa kazi ile hasa, asimwulize dalali peke yake. Barua ya paroko humtambulisha mwamini kwa paroko mwenzake. Kwa afisa wa mpakani si hati. Akikamatwa, aombe ubalozi wa Tanzania ujulishwe, maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa haki hiyo, na tunao ubalozi Lilongwe na Maputo. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Kabla ya kupanda chombo, nakala ya pasipoti, ya kibali na jina la mwajiri vibaki nyumbani, na mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ajue vimewekwa wapi. Naye aliyerudishwa, ambaye watu mtaani wanasema amepigwa PI, atembelewe na wanajumuiya juma lile lile, kabla hajaanza kujificha.