Mahubiri Yafike Ndungu Yakiwa Mazima

Siku hizi parokia nyingi hurusha Misa na mafundisho mubashara kwa njia ya intaneti. Tunapongeza juhudi hizo. Hata hivyo tunauliza: mgonjwa aliyelala nyumbani Ndungu, chini ya milima ya Upare Kusini, anasikia nini?

Sauti inayopita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Mara nyingi kila pakiti hubeba milisekunde 20 tu za sauti. Mawimbi yakiwa dhaifu, au watumiaji wakizidi, baadhi ya pakiti hupotea njiani. Ikipotea moja, programu nzuri huziba pengo na sikio halitambui. Zikipotea 10 mfululizo, silabi nzima imekwenda. Na katika Kiswahili silabi moja ina uzito: “hatutawaacha wagonjwa” ikikosa “ha” inakuwa “tutawaacha wagonjwa”. Hapo fundisho limegeuzwa.

Dawa zipo, tena si za gharama. Opus, mfumo wa kubana sauti uliowekwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, hutumiwa bila ada. Unaweza kubeba ndani ya pakiti moja nakala hafifu ya ile iliyotangulia, ili iliyopotea ifidiwe na inayofuata. Kwa pakiti zinazopotea kwa mkupuo, dawa ni subira: simu ikijiwekea akiba ya sekunde 30 kabla ya kuanza kutoa sauti, inapata nafasi ya kuletewa tena kilichopotea. Kuchelewa huko kungeharibu mazungumzo ya simu, lakini mahubiri hayasubiri jibu la papo hapo.

Wapo wanaosema kwamba bila picha vijana hawatafuatilia. Basi picha iwepo, lakini isiwe mlango pekee. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Sauti ya kilobiti 24, inayotosha kabisa kwa maneno, hula megabaiti 11 hivi. Tofauti hiyo ndiyo bando la mwenye kipato kidogo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa kila parokia inayorusha matangazo: njia ya sauti peke yake, akiba ndefu, na faili la mahubiri la kupakua baada ya Misa. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba imani hutokana na kusikia. Tusipime matangazo yetu kwa simu ya aliye karibu na mnara. Tuyapime kwa simu ya aliye mbali.