Waosha Magari wa Arusha Waanzie Kwenye Maji

Gari la watalii litokalo Serengeti na Ngorongoro huingia Arusha likiwa limevaa vumbi la siku kadhaa. Hapana budi lioshwe upesi, kwani huenda kesho yake likatakiwa kupokea wageni wengine. Zikiongezwa teksi, daladala, malori na magari ya watu binafsi, itafahamika kwa nini kazi ya kuosha magari imekuwa tegemeo la vijana wengi katika jiji hilo lililo chini ya Mlima Meru.

Hata hivyo, vituo vingi vya zamani, hasa vile ambavyo dereva hupewa mpira wa maji akajioshea mwenyewe, vimechakaa. Sakafu zimepasuka, mipira inavuja, na maji machafu hujitafutia njia ya kwenda mferejini. Wakati huo huo vimezuka vituo vipya, vingine ndani ya vituo vya mafuta, vyenye mashine za presha na za kufyonza vumbi. Mteja hafungwi kamba. Huenda anakohudumiwa vizuri.

Wapo wenye vituo wanaodhani kwamba dawa ni rangi mpya ukutani, muziki wa kelele na kushusha bei. Wahenga walikwisha sema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeshusha bei huku maji yake yanavuja anauza hasara. Kasoro kubwa ya kituo kikuukuu imo katika maji: yanavyopatikana, yanavyotumika na yanavyotoka. Marekebisho yaanzie hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpira wa kawaida ukimwaga lita 15 kwa dakika, gari moja kwa dakika 20 limekula lita 300. Mashine ya presha itoayo lita 8 kwa dakika, ikifanya kazi kwa dakika 10 tu, itatumia lita 80. Katika kituo cha kujihudumia jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa anayeshika mpira siye anayelipa ankara ya maji. Kwa hiyo bomba lenye kifyatulio kinachojifunga, pamoja na malipo yanayofuata dakika, ni kinga ya mapato ya kituo.

Aidha, si kila maji yanafaa kutumiwa ovyo. Maji mengi ya eneo la Meru yana madini ya floridi kutokana na miamba ya volkano, nayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Ndiyo maana Serikali imetekeleza mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520 katika jiji hilo. Ni israfu kumwaga juu ya magurudumu maji yaliyogharimiwa hivyo kwa ajili ya kunywa. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, laweza kukusanya karibu lita 1,000. Maji hayo ya mvua hayaachi madoa ya chumvi kwenye kioo, na yafaa sana kwa suuzo la mwisho.

Yatokayo nayo yanahitaji mashimo matatu yaliyojengwa kwa saruji. La kwanza hutuamisha tope. La pili huzuia mafuta, ambayo kwa kawaida huelea. La tatu hupokea maji yaliyotulia, yakachujwa na kutumiwa tena kwa kuondolea matope ya awali. Tope na mafuta yaliyobaki yaondolewe kwa utaratibu, yasitupwe korongoni.

Jambo hili halimhusu mwenye kituo peke yake. Mto Themi unaopita jijini hunywesha bustani za mboga upande wa chini, kisha maji yake huingia Kikuletwa na kufika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mafuta yamwagwayo mjini humfikia mkulima asiyemiliki hata baiskeli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Lakini kuwafukuza vijana mitoni bila kuwaonyesha njia ni kuhamisha tatizo. Arusha ina Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1978, na ina TEMDO, shirika la uhandisi na usanifu wa mitambo. Wataalamu hao wachore ramani ya mashimo hayo na kuunda chujio la bei nafuu. Halmashauri ya Jiji nayo, inapotoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ivifikirie vikundi vya waosha magari vilivyo tayari kujirekebisha.

Kituo kitakachotumia maji kidogo na kuyasafisha kitapunguza gharama, kitaepuka faini na kitawavuta wenye magari ya watalii, ambao biashara yao nzima husimama juu ya uzuri wa nchi. Kitakachongoja kitaondolewa na washindani wake, ama na sheria. Vijana wanaokitegemea ndio watakaoumia kwanza.